Siku Mtani Wangu Aliponipa Pole

Jumapili, hapa mtaani kwetu Picha ya Ndege. Mvua imeanza alfajiri na mpaka sasa, adhuhuri imeshapita, bado inanyesha ile ya kichovu isiyo na haraka. Njia ya kwetu imekuwa tope tupu. Jana nimetoka Kisarawe. Mama tulimzika Alhamisi, na kazini wamenipa ruhusa mpaka leo.

Sijapika. Nimekunywa chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha niliofungiwa na shangazi, nikakaa hapa mlangoni na simu. Nilidhani nikianza kuandika nitaandika habari za mama. Kumbe ninayemfikiria tangu juzi ni Maganga.

Nina hasira na nina huzuni, na sijui ipi imetangulia.

Nyuma ya nyumba kuna jogoo mwekundu amefungwa kamba mguuni, amejikunyata chini ya bati. Nitamfikia.

Kwa ambaye hajawahi kupita kwenye ukurasa huu: nashona mifuko ya salfeti kwenye kiwanda kimoja huku Zegereni. Ile mifuko ya sukari na unga mnayoiona madukani, kitako chake kinapita kwenye cherehani yangu. Maganga anafunga marobota upande wa pili wa ukumbi huohuo na kuyapakia kwenye malori. Alikuwa anafunga. Bado sijaizoea hiyo "alikuwa".

Mimi ni Mzaramo wa Maneromango, Kisarawe, yeye ni Mnyamwezi wa Nzega. Hapo kila mtu wa nchi hii ameshaelewa. Hatukukaa tukakubaliana kutaniana, tumezaliwa tukaukuta utani upo. Siku yangu ya kwanza kiwandani aliniuliza natokea wapi, nikamwambia. Akaweka chini robota alilobeba, akawaita wenzake, akawatangazia kwamba mtumwa wake aliyepotea zamani amepatikana, wamwangalie asitoroke tena. Nikamjibu kwamba babu yake alipofika pwani na mizigo ya watu kichwani, babu yangu ndiye alimpa maji ya kunywa, na tangu siku hiyo ukoo wao wote unatufulia nguo, kwa hiyo aache kelele akalete sabuni. Watu walicheka mpaka cherehani zikasimama. Nilikuwa mgeni kabisa, hata choo sijui kiko wapi, lakini kuanzia saa ile nilikuwa na ndugu pale ndani.

Miaka yote hiyo hakuwahi kuniita jina langu. Ni mtumwa wangu, au Mzaramo, au binti mdundiko, maana anaamini sisi tukivuna mihogo miwili tunaita ngoma. Mimi namwita mpagazi. Nilipohamia hapa, mpagazi ndiye aliyebeba kitanda changu kichwani kutoka Kwa Mathias, na njia nzima akawa anawaambia wapita njia wamsaidie kupiga simu polisi, ameshikwa na Wazaramo. Hakutaka hata soda.

Mama alikuwa akija kukaa kwangu kila akiwa na kliniki ya presha na miguu. Jumapili Maganga anakuja na tikiti maji, hajafika hata kwenye ngazi anaanza: "Bibi, bado hujafa tu? Nimechoka kuungoja huo ubwabwa." Mama anajivuta pale kwenye mkeka, anamwambia, "Nakuonea huruma, mtumwa. Nikifa utashiba, na tumbo lako halijazoea." Wanakaa hapo mchana mzima wanatukanana. Mama, ambaye usiku analalamika magoti mpaka unahisi yako yanauma, akiwa na Maganga anasahau kabisa kama ana miguu.

Kuna siku waliwekeana ahadi. Maganga alimwambia siku ya siku ikifika, yeye atakaa mlangoni, na jeneza halipiti mpaka apewe jogoo, tena awe mwekundu, mweupe hataki. Mama akasema jogoo atapewa lakini alie kwanza, machozi yaonekane, si yale ya kupaka mate. Wakashikana mikono. Mama akarudi Kisarawe akamwambia mjomba Kondo, kaka yake, kwamba kwenye lile banda pale jogoo mwekundu asikosekane, ana mwenyewe.

Sisi tulidhani ni mzaha tu wa Jumapili. Mjomba hakukosa jogoo mwekundu hata mwaka mmoja.

Sasa niseme habari za Bwana Deo, msimamizi wetu wa zamu. Yeye hana utani na mtu. Yeye ana matusi. Ukikata uzi wewe ni ng'ombe, ukichelewa kutoka chooni unaulizwa ulikuwa unazaa. Kuna binti wa kukunja mifuko aliyetukanwa naye tusi la nguoni mbele ya watu wote, siwezi kuliandika hapa, na binti akaendelea kukunja mifuko huku machozi yanamdondokea mikononi. Hakuna aliyecheka. Hivyo ndivyo unavyojua tusi, kwa wale wanaolisikia.

Zamu yangu ikaja. Niliomba ruhusa nimpeleke mama kliniki, Bwana Deo akazima mashine yangu kwa mkono wake ili nimsikie vizuri. Akasema, "Huyo mama yako si afe tu mara moja tujue moja? Kila wiki mgonjwa, mgonjwa."

Nilikaa. Nikaiwasha tena mashine, nikaendelea kushona. Kumbe maneno karibu yaleyale Maganga amemwambia mama kila Jumapili, na mama akacheka mpaka akakohoa. Ya huyu yaliniingia kifuani na mpaka leo hayajatoka.

Wakati huo alikuwa ameletwa afisa utumishi mpya, dada Neema, msichana mwenye heshima zake, anayeamkia wafagizi. Akabandika bango kubwa karibu na mahali pa kunawia mikono: Lugha ya Staha Kazini. Chini yake yameorodheshwa makosa na adhabu, mpaka kuachishwa kazi. Tulifurahi sana. Wanawake wa cherehani tulisimama pale tukalisoma kwa sauti, tukaangaliana, kila mmoja anamfikiria mtu mmoja. Tulidhani lile bango limekuja kwa ajili yetu.

Nikaenda kwa dada Neema nikamweleza ya Bwana Deo na mama yangu. Alinisikiliza, akasikitika kweli, akaandika. Wiki iliyofuata akaniita akaniambia ameongea naye, ni presha ya oda tu, hakukusudia, amepewa onyo la mdomo. Kikao hakikukaa. Bwana Deo hakuniomba radhi wala hakuniangalia. Alichofanya ni kunihamishia kwenye mashine iliyo chini ya bati lenye joto.

Halafu wakaja wageni. Wakaguzi wa wateja wetu wa nje, waliokuja kuangalia tunavyofanya kazi na tunavyotendewa. Tulipewa makoti mapya asubuhi ile, na viatu. Mimi napita ukumbini na viatu vyangu vipya, Maganga yuko juu ya marobota, akaniona. Wageni wako nyuma yake, yeye hajawaona, na hata angewaona sidhani kama angejizuia. Akapaza sauti, "Mtumwa wangu, leo umevaa viatu! Nani amekununulia, na babu yako nilimwacha pekupeku?" Nikamjibu palepale kwamba nimevichukua miguuni kwa babu yake alipozidiwa na mzigo. Ukumbi mzima ukacheka. Wageni nao wakatabasamu, wakauliza kuna nini, mtu akawafafanulia.

Wakaacha kutabasamu.

Kwenye ripoti yao waliandika kwamba mwanamke mfanyakazi ameitwa mtumwa hadharani na mwenzake, na kwamba wafanyakazi wamezoea mpaka wanacheka. Siwalaumu sana wageni. Mtu aliyetoka mbali akisikia neno lile, na historia yake, atafanya nini? Ninaowalaumu ni wenyeji.

Dada Neema aliniita pembeni kabla ya kikao cha nidhamu. Aliniambia, kwa sauti ya chini, "Dada, mimi utani naujua. Kwetu watani wanaingia mpaka jikoni wanafunua sufuria. Lakini ripoti imeshaandikwa, lazima tuonyeshe hatua imechukuliwa." Nikamuuliza, na Bwana Deo? Akaangalia dirishani. Akasema Bwana Deo hayumo kwenye ripoti.

Yaani tusi ni tusi likiwa limesikiwa na mgeni. Tukilisikia sisi wenyewe ni presha ya oda.

Mwenyekiti wa kikao alikuwa mhasibu wetu, mtu mzima. Mwaka jana tulikwenda kumzika baba yake, na kwa kuwa kwao hata wanawake wanakwenda makaburini, kwa macho yangu niliona watani wameingia kaburini, wamelala humo chali, wamekataa kutoka mpaka wapewe chochote. Mhasibu alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, akavua saa yake akawapa. Huyohuyo sasa alikuwa amekaa mbele yetu na tai, anauliza neno "mtumwa" maana yake nini.

Mimi niliitwa kama shahidi wa kiwanda. Sijui nani aliamua hivyo. Nikakaa kiti kimoja, Maganga kiti kingine, katikati tumewekewa maji ya chupa. Amevaa shati lake la Idi, maana yeye Mkristo lakini Idi zote anakula kwetu, akasema lazima awe na shati la kulia ubwabwa.

Mwenyekiti akaniuliza kama siku ile mfanyakazi huyu aliniita mtumwa wake. Nikasema ni mtani wangu. Akasema hajaniuliza hilo, nijibu ndiyo au hapana. Nikasema ndiyo, lakini na mimi nilimtukania babu yake. Akasema mimi sijashitakiwa, mimi ndiye niliyetukanwa, na nimejibu vizuri, inatosha.

Ndiyo yangu moja. Hiyo ndiyo waliyoichukua.

Nilimwangalia Maganga. Nilitegemea atasema kitu, hata aninong'oneze kwamba Mzaramo ameuza mtu tena. Alikuwa anaangalia ile chupa ya maji. Walipomuuliza kama ana la kujitetea, akasema anaomba msamaha kwa dada Mwanahamisi kama alimkwaza. Nilishtuka kusikia jina langu limetoka mdomoni mwake. Lilikuwa kama jina la mtu mwingine.

Wakamwachisha kazi. Kosa la kwanza, miaka yote ile ya kazi, hakuna hata onyo moja nyuma yake. Wakamwambia ana nafasi ya kukata rufaa kwa meneja mkuu, na kwa wakati huu achunge mwenendo wake na asirudie lugha ya aina hiyo kwa mfanyakazi yeyote, mahali popote, maana itahesabika. Akakata rufaa. Inasikilizwa Jumatano hii.

Bwana Deo siku ile aliingia zamu kama kawaida, akatuita ng'ombe.

Mama alikuwa ananiuliza kwenye simu, mpagazi wangu hajambo? Mbona hapigi? Nilimwambia wamembadilishia zamu, anachoka. Sikutaka presha impande. Amekufa hajui, na sijui kama nilifanya vizuri. Nadhani angekuja mwenyewe Zegereni na mkongojo wake kuwauliza wale watu kama wana akili.

Alifariki Jumatano usiku, kwake, usingizini. Mjomba alinipigia alfajiri. Nikampigia Maganga kabla ya kumpigia hata dada yangu, sijui kwa nini. Akasema, "Amenikimbia." Akakata simu.

Alifika Maneromango kabla ya ndugu zangu wengi. Aliingia kwa njia ya Mlandizi, na tope limempanda mpaka magotini. Mimi niko ndani na wanawake, nimekaa kwenye mkeka nimejifunika, sijala wala sijalia vizuri. Nikamsikia nje. Shangazi alipomwona alipaza sauti kwamba Mnyamwezi amefika, ficheni sufuria. Naye akajibu, "Sufuria kaeni nazo. Nimekuja kumdai huyu bibi. Alinidai machozi, nimekuja nayo, yeye amekwenda wapi?"

Wanawake wakaanza kucheka wakiwa wanalia. Akaingia mpaka ukumbini, akachukua kanga ya mama iliyokuwa juu ya kamba, akajitanda, akashika mkongojo wake uliokuwa kwenye kona. Akatembea. Alitembea kama mama, goti la kushoto kwanza, anasimama, anasonya, anaita, "Mwanahamisi, hiyo chai unaichemsha au unaibembeleza?" Ilikuwa sauti yake. Ilikuwa mama kabisa, amerudi kunisema. Nikacheka, halafu nikalia kilio ambacho nilikuwa nakihitaji tangu alfajiri. Shangazi akanishika. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, hakuna mwingine anayeweza kukufanyia.

Mjomba Kondo alikuwa ameshamtoa yule jogoo bandani, amemfunga nyuma ya jiko. Kila mtu alijua jeneza litazuiwa. Vijana walikuwa wanamtania mjomba kwamba Mnyamwezi atataka na kuku jike.

Halafu gari la kiwanda likafika.

Nililiona dirishani. Akashuka dada Neema na kanga ya kuazima kichwani, akashuka mhasibu, na mwisho akashuka Bwana Deo, shati jeupe, bahasha mkononi. Maganga naye aliwaona. Alikuwa bado na kanga ya mama begani. Akaivua taratibu, akaikunja mara mbili, akampa shangazi. Mkongojo akaurudisha palepale kwenye kona. Akatoka nje, akaenda kukaa kiti cha mwisho kabisa chini ya turubai, mikono katikati ya magoti.

Bwana Deo alisimama kutoa salamu za rambirambi. Nilimsikia vizuri sana, dirisha lilikuwa wazi. Alisema mama yetu mpendwa. Alisema kiwanda ni familia, na kwamba pengo hili halitazibika. Ana sauti nzuri akitaka, sijawahi kujua. Hakuna hata neno moja lisilokuwa la staha. Watu wakasema ahsante, ahsante sana, na mimi nikiwa ndani nimeuma kanga yangu nisipige kelele.

Jeneza likainuliwa. Kwetu sisi wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo mlango ndio mwisho wetu, pale ndipo tunapoagana. Wanaume wakatoka nalo chumbani, wakafika kizingitini, wakasimama. Walisimama wakisubiri. Mjomba akaangaza huku na huku akauliza kwa sauti, "Mnyamwezi wetu yuko wapi?"

Watu wote wakageuka. Dada Neema alikuwa na simu mkononi, nadhani alikuwa anapiga picha za ujumbe wa kiwanda kwa ajili ya kwenda kuonyesha kwamba walifika. Maganga akainua macho, akaiangalia ile simu, akaangalia chini.

Hakuinuka.

Wabebaji wakabadilisha mabega. Mjomba akasubiri kidogo tena, halafu akasema, haya, twendeni. Mama akatoka nyumbani kwake bila mtu hata mmoja kumzuia. Mlango mtupu. Shangazi aliniambia baadaye kwamba tangu azaliwe hajaona mazishi ya kwetu yaliyopita mlangoni upesi vile, kama watu wanatoa kabati.

Waliporudi kutoka makaburini, gari la kiwanda lilikuwa limeshaondoka. Maganga akaja kuniaga. Alisimama mbali kidogo, amevua kofia, akasema, "Pole sana, dada Mwanahamisi. Mungu akupe subira."

Nimepewa pole nyingi wiki hii, hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko zote.

Nikamwambia, mpagazi, hukukaa mlangoni. Akasema, "Rufaa ni Jumatano, dada. Walisema nisirudie mahali popote." Nikamwambia kule ni kazini, hapa ni kwetu, hapa ni kwa mama. Akasema, "Na wao walikuwepo hapa." Halafu akasema ana watoto wawili wanasoma. Hakusema kwa kulalamika, alisema tu ili nielewe, na nilielewa. Mjomba akaleta jogoo, akamwekea miguuni. Maganga akamwangalia yule jogoo kwa muda. Akasema huyo ni wa mlangoni, na yeye mlangoni hakukaa, hawezi kumchukua. Akaondoka kwa miguu kuelekea stendi.

Kwa hiyo jogoo nimerudi naye mimi. Mjomba amekataa kabisa abaki kule, anasema akimwona atashindwa kula.

Leo asubuhi nimempigia Maganga. Nilijikaza, nikaweka sauti yangu ya siku zote, nikamwambia, mpagazi we, jogoo wako anamaliza mahindi yangu, njoo umchukue kabla sijawafulisha ninyi wote nguo mpaka za majirani. Nikangoja.

Akaniuliza, kwa upole kabisa, "Dada, hapo uko peke yako?"

Nikasema ndiyo. Akasema sawa, ahsante kwa kunijulia hali, nimsalimie shangazi. Mtu ambaye alibeba kitanda changu akipiga mayowe njia nzima, leo anauliza kama kuna anayesikiliza. Hicho ndicho walichokichukua. Kazi wanaweza kumrudishia Jumatano wakiamua. Hili sijui linarudishwa na kikao gani.

Nimelia tena, nikafuta uso, nimekaa hapa na mvua hii nimewaza. Sijaitwa kwenye rufaa. Shahidi wa kiwanda ameshasema ndiyo yake, hawamhitaji tena. Nitakwenda hivyohivyo. Kesho narudi kazini, Bwana Deo atanipa pole mbele ya watu na mimi nitasema ahsante nimeshapoa, kama inavyosemwa. Jumatano nitaacha cherehani, nitapanda zile ngazi za ofisini, nitagonga mlango. Nitawaambia kama kuitana mtumwa ni kosa, basi wanishitaki na mimi, kwa maana siku ileile, mahali palepale, nilimtukana babu yake na ukumbi mzima ni shahidi. Waniachishe na mimi, au wamrudishe yeye. Na nikiwa nimesimama hapohapo nitawauliza kikao cha aliyemwombea mama yangu kifo kinakaa lini, maana sasa amekufa, na aliyemwombea amekuja kumsomea rambirambi.

Naogopa. Kodi ya chumba ipo, na viwanda vya huku vinaambizana. Dada yangu ameniambia nikae kimya, nimefiwa, sina akili sawasawa. Labda ni kweli. Lakini nilijibu ndiyo mara moja nikiwa na akili zangu zote, na nimeona ilikofika.

Mvua inapungua. Jogoo nimemhamishia jikoni asilowe, nimempa maji na mahindi ya kuvunjwa, amenidonoa mkono. Shangazi amepiga simu sasa hivi kuuliza kama tumeshamchinja. Nimemwambia huyu hachinjwi, ana mwenyewe, atakaa hapa mpaka siku mwenyewe atakapokuja kumdai kwa matusi.